Rudisha na mbio za mwanzo mwisho: mwanafunzi wa 800 aige nini, aache nini?

TichaWaMashariki:
Wadau wa riadha hamjambo. Naomba msaada wa kiufundi. Kuna kijana wa kidato cha tatu hapa Nairobi, miaka 17. Mita 400 zake ni sekunde 50.8 na mita 800 zake bora ni 1:54.2 (dakika moja na sekunde 54.2), zote kwa saa ya mkono. Shujaa wake ni David Rudisha, kwa hiyo kila akisimama kwenye laini anataka kuongoza kutoka bastola hadi utepe. Mara zote anaongoza hadi mita 650 hivi, halafu miguu inafunga na wenzake wawili watatu wanampita kwenye mkondo wa mwisho. Katika hiyo 1:54.2 mzunguko wa kwanza ulikuwa 52.9 na wa pili 61.3.

Maswali yangu: Je, ni kweli Rudisha alikuwa akiongoza kila mara, na aligawaje nguvu zake? Mazoezi gani yanamfaa kijana wa kiwango hiki akiwa na wiki nane hivi kabla ya mashindano ya mkoa? Na tatu, tayari kuna watu wanaotaka kumtoa shuleni wampeleke kambini akimbie 1500 na wakubwa. Mnasemaje?

SaaYaMkono:
Mwalimu, jibu la swali lako la kwanza limo ndani ya hizo namba ulizoandika. Weka mbio zake kando ya fainali ya Olimpiki ya London, tarehe 9 Agosti 2012, ile ya 1:40.91 ambayo bado ndiyo rekodi ya dunia.

Rudisha alipita 200 kwa 23.4, 400 kwa 49.28, 600 kwa 1:14.30, akamaliza 1:40.91. Ukizikata mita mia mbili mbili unapata 23.4, 25.9, 25.0 na 26.6. Mzunguko wa pili ulikuwa 51.63, yaani alipoteza sekunde 2.35 tu ukilinganisha na wa kwanza. Kijana wako alipoteza 8.4. Huyo hakuishiwa nguvu kwa sababu ni dhaifu. Alizimaliza mapema.

Sasa tazama upande wa pili wa hesabu, ambao vijana wengi hawauoni. 400 bora ya Rudisha kwa saa ya umeme ni 45.50, aliyoikimbia Sydney mwaka 2010. London alipita 400 kwa 49.28, kwa hiyo alikuwa chini ya uwezo wake kwa karibu sekunde 3.8. Kijana wako ana 50.8 na anapita kwa 52.9. Ameacha akiba ya sekunde 2.1 pekee. Kwa maneno mengine, anapita mzunguko wa kwanza kwa ukali kuliko bingwa wa Olimpiki alivyopita wake. Akitaka kumuiga Rudisha kikweli, kwa akiba ileile, inabidi apite 400 kwa 54.6. Mwambie hivyo, huenda akakubali kwa kuwa hesabu inatoka kwa shujaa wake mwenyewe.

Ukichukua mgawanyo wa London ukaupunguza hadi 1:54, unapata 26.4, 29.2, 28.3 na 30.1. Mzunguko wa kwanza 55.6, wa pili 58.4. Mimi ningempa hata 27.0 kwenye 200 ya kwanza, maana mtoto akiambiwa 26.4 atakimbia 25.5.

Kipimo kingine: zidisha 400 yake kwa mbili, uone ni sekunde ngapi zinaongezeka kufikia 800. Rudisha: 91.0 hadi 100.9, tofauti karibu 10. Kijana: 101.6 hadi 114.2, tofauti 12.6. Hiyo 2.6 ya ziada ndiyo nafasi aliyo nayo bila kuongeza kasi hata kidogo. 1:52 ipo pale. Kasi anayo, asihangaike kuitafuta sasa.

Halafu jambo la saa: mtu mmoja achukue 400 akiwa amesimama kwenye laini yenyewe, si wewe uliyekaa upande wa pili wa uwanja ukikadiria. Na muda wa saa ya mkono huandikwa kwa kupandishwa hadi sehemu ya kumi inayofuata. 1:54.13 ni 1:54.2, si 1:54.1.

KonaYaTatu:
SaaYaMkono amemaliza upande wa hesabu. Mimi nizungumzie mbinu, kwa sababu hii habari ya "Rudisha aliongoza mwanzo mwisho" imekuzwa mno.

Mwaka 2009 kwenye mashindano ya dunia ya Berlin alitolewa nusu fainali. Hakukosa nguvu, wiki chache baadaye huko Rieti alikimbia 1:42.01 na kuivunja rekodi ya Afrika ya Sammy Koskei iliyokuwa imekaa tangu 1984. Mwanariadha mrefu mwenye hatua ndefu akibanwa ndani ya kundi lazima akate hatua, na kila akikata anapoteza mwendo. Kukaa mbele kulimpa nafasi ya kunyoosha miguu. Kwa hiyo kuongoza kwake kulikuwa na sababu ya kimwili kabla ya kuwa ushujaa.

Rekodi zake mbili za 2010, 1:41.09 Berlin na 1:41.01 Rieti wiki moja baadaye, zilikuwa na mwekaji kasi, Sammy Tangui, aliyemvuta mzunguko wa kwanza. Olimpiki hairuhusu hilo, ndiyo maana London ilishangaza: aliifanya kazi ya Tangui na yake mwenyewe. Na kabla ya hapo, Juni 2012, kwenye majaribio ya timu ya taifa pale Nyayo, alikimbia 1:42.12. Huo ni muda wa Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Waliofuatilia majaribio hayo walijua London kuna jambo.

Sasa tazama mashindano ya dunia ya Beijing 2015. Aliongoza pia, ila mzunguko wa kwanza ulikuwa sekunde 54 na ushei. Alishinda kwa 1:45.84. Fanya hesabu: mzunguko wake wa pili ulikuwa kama 51.7. London ulikuwa 51.63. Ni mzunguko uleule! Miaka mitatu baadaye, baada ya jeraha la goti lililomkosesha mashindano ya dunia ya Moscow 2013, hakujaribu kupita 400 kwa 49, bali alikaa mbele akaipoza mbio, wenzake wakamkubalia, kisha akafungua mita 200 za mwisho. Kuongoza si lazima kuwe kukimbia kwa kasi. Ukiwa mbele wewe ndiye unayechagua kasi ya wote, na hili ndilo somo ambalo kijana angeliiga kwanza.

Rio 2016 hakuongoza mwanzoni kabisa. Alfred Kipketer alitoka kama risasi akapita 400 kwa 49.2, Rudisha akamwacha, akakaa nyuma yake, akampita kabla ya 600 na kufunga kwa 1:42.15. Makhloufi wa Algeria alikuwa wa pili kwa 1:42.61. Alfred Kipketer hakupata medali. Mwonyeshe kijana video ya fainali hiyo kabla ya ile ya London.

Na wala mtindo huo haukumkinga na kushindwa. Mohammed Aman wa Ethiopia alimkaba Milan Septemba 2011, akamkaba tena Zürich Agosti 2012, wiki tatu tu baada ya London, 1:42.53 kwa 1:42.81. Ukiongoza, anayekufuata anapata kinga ya upepo na anakuona, wewe humwoni.

Kuhusu kukaa kundini, maana vijana wa shule wanaogopa hapo: ukikimbia begani mwa mtu, mita moja nje ya njia yake, kila kona inakuongezea mita 3.14. Kona ya kwanza ya 800 mko kwenye leni zenu, zimebaki tatu, hizo ni zaidi ya mita 9. Kwa kasi ya 1:54 hiyo ni kama sekunde 1.3. Basi asikae nje kona nzima. Akitaka kupita apite kwenye mnyoofu. Akifika kona na hajapita, arudi nyuma ya mtu ndani ya leni ya kwanza. Na leni zikifunguliwa mwisho wa kona ya kwanza, asikate ndani ghafla kama matatu inayokimbilia stegi. Achore mstari mmoja mrefu wa kushuka taratibu hadi mwanzo wa kona ya pili. Kukata ghafla kunaongeza umbali na ndiko kunakoangusha watu.

KochaWaMilima:
Swali la pili ni langu. Kabla ya ratiba niseme wazi: 800 si mbio ndefu ya kukimbia kwa kasi wala si 400 iliyorefushwa. Takriban theluthi mbili ya nishati yake hutoka kwenye hewa, theluthi moja kwenye ule uwezo wa kukimbia bila hewa ya kutosha. Kijana mwenye 50.8 anayekufa mita 650 ana upungufu kwenye theluthi mbili. Vijana wa Nairobi wanaotoka kwenye mbio fupi wana tatizo hili kuliko wenzao wa Bonde la Ufa, ambao mara nyingi upungufu wao ni kasi.

Wiki nne za kwanza zingekuwa hivi. Jumatatu dakika 40 mbio nyepesi, kilomita moja kwa 4:50 hadi 5:10, awe anaweza kuongea sentensi nzima. Akimaliza, mikimbio sita ya mita 80 yenye hatua ndefu, si kwa nguvu zote. Jumanne ni kiwanjani: mita 300 mara tano, kila moja sekunde 42, pumziko dakika tatu na nusu akitembea. Sekunde 42 ni kasi kamili ya 1:52. Jumatano dakika 35 nyepesi. Alhamisi kilima: tafuta mwinuko wa wastani, mita 150 hivi, apande mara nane kwa sekunde 24 hadi 27, ashuke akitembea. Ngong hapakosi vilima, Karura pia pana mwinuko mzuri wa udongo laini. Ijumaa apumzike kabisa. Jumamosi mita 1,000 mara nne kwa 3:20 hadi 3:25, pumziko dakika mbili. Jumapili dakika 55 polepole sana, au alale akitoka kanisani amechoka. Jumla, pamoja na kupasha moto, ni kilomita 45 hivi, zinatosha kwa umri wake.

Wiki ya tano hadi ya saba punguza Jumamosi iwe 1,000 mara tatu, na Jumanne ibadilike: mita 600 kwa 1:25, pumziko dakika nane, halafu 300 mbili kwa 41, pumziko dakika nne kati yake. Wiki ya saba mpe jaribio la 600 peke yake akiwa amepumzika. Akipata 1:23 bila kujikunja uso, 1:52 iko mkononi. Wiki ya nane fanya nusu ya kila kitu, kasi ileile. Watu hukosea hapa. Hupunguza kasi na kuacha wingi, inatakiwa kinyume.

Mambo yanayoharibu ratiba kama hii nayajua kwa majina. La kwanza ni zile 300 za Jumanne. Kijana atakimbia ya kwanza kwa 39 ili kukuonyesha, ya tano itakuwa 45. Hapo amefanya mazoezi ya kufa, yaani anauzoeza mwili kufanya kilekile unacholalamikia. Mpigie kelele akipita 100 kwa 13, inatakiwa 14. Akikimbia ya kwanza chini ya 41, mrudishe atembee dakika tano aanze upya. Zoezi hili lipo kumfundisha mguu wake 14 inajisikiaje, na mguu hujifunza kwa kurudia.

La pili ni Jumatano. Wakiwa watano wanageuza mbio nyepesi kuwa mashindano ya kurudi bwenini. Basi Alhamisi kilima kinamkuta amechoka, Jumamosi imeharibika, na wewe utadhani ratiba ndiyo mbaya.

La tatu, shule zetu zinamwingiza mtoto mmoja 400, 800, 1500 na kupokezana vijiti kwa siku mbili, kwa sababu mwalimu anataka pointi. Ukimtaka 800 ya mkoa, chagua 800 na kupokezana vijiti basi.

Kambi ya Iten aliyokulia Rudisha chini ya Brother Colm O'Connell, yule mtawa kutoka Ireland aliyefika shule ya St Patrick's mwaka 1976 kufundisha, inajulikana kwa kutokimbiza watoto kupita kiasi. Rudisha mwenyewe alianzia 400. Ukiona kocha anampa kijana wa miaka 17 mazoezi matatu kwa siku na kusema ndivyo Iten wanavyofanya, muulize Iten ipi.

MfuasiWa1500:
KochaWaMilima, nakubaliana na karibu yote, ila napinga 1,000 kwa 3:20 kwa kijana wa aina hii katika wiki mbili za kwanza. Mtu wa 50.8 ambaye hajazoea mbio ndefu, kwa hewa ya Nairobi, hiyo itakuwa mbio ya kushindana kufikia ya tatu. Anza na 3:35 na umshushe. Ukimaliza na anaweza kukimbia moja zaidi, umepatia.

Swali la tatu sasa, la kambi na 1500. Mwalimu, msihamishe. 1500 ni ya kuongeza, si ya kukimbilia, na kwa sasa faida yake kubwa ni kumjenga kwa ajili ya 800. Angalia ratiba ya maisha ya mabingwa wenyewe, si maneno ya mawakala.

Rudisha alikuwa bingwa wa dunia wa vijana mwaka 2006, Beijing, akiwa na miaka 17, umri wa kijana wako. Medali yake ya kwanza ya dunia kwa wakubwa ilikuja Daegu 2011. Miaka mitano! Katikati alikosa Olimpiki ya 2008 kwa jeraha na kutolewa Berlin 2009. Faith Kipyegon, mkimbiaji wa 1500, alishinda mbio za nyika za dunia za vijana 2011, akaendelea na mashindano ya umri wake, fedha ya dunia Beijing 2015, dhahabu ya Olimpiki Rio 2016. Alijifungua 2018, akarudi, fedha Doha 2019, dhahabu Tokyo, dhahabu Paris 2024 kwa 3:51.29, na rekodi ya 1500 ameishusha hadi 3:48.68, Eugene, Julai 2025. Alianza kuvunja rekodi za dunia 2023 akiwa na miaka 29. Hapo ndipo faida ya kutochomwa mapema inapoonekana.

Najua mtu atasema Emmanuel Wanyonyi. Ndiyo, alishinda 800 kwenye mashindano ya dunia ya U20 (walio chini ya miaka 20) hapa Kasarani 2021 kwa 1:43.76 akiwa na miaka 17, fedha Budapest 2023, dhahabu Paris 2024 kwa 1:41.19 akimshinda Marco Arop kwa sehemu moja tu ya mia ya sekunde, na dhahabu tena Tokyo 2025. Lakini 1:43.76 kwa 1:54 ni watu wawili tofauti. Kijana wako hana sababu ya kufuata saa ya Wanyonyi.

Kwa vitendo: amalize shule. Umri wa U20 huhesabiwa tarehe 31 Desemba ya mwaka wa mashindano, na siku hiyo awe hajatimiza 20, kwa hiyo muda anao. Cheti cha kuzaliwa kiwe tayari sasa, kisiwe na herufi tofauti na za cheti cha shule, kwani tofauti ya herufi moja imechelewesha pasipoti za wengi. Apelekwe mashindano ya wikendi ya Athletics Kenya yanayozunguka nchi, aone wakubwa wanavyokimbia bila kufungwa na mtu. Akifikia 1:48, atakuwa na milango ya vyuo vya Marekani, na timu za polisi, jeshi na magereza humwangalia mtu wa namna hiyo; Rudisha mwenyewe alikuwa wa polisi. Mkataba wowote usomwe na mzazi kabla ya sahihi, na muulizeni wakala anachukua asilimia ngapi na ya nini. Mara nyingi utasikia 15 ya zawadi na mikataba. Akitaja zaidi, au akitaka kukaa na pasipoti ya mtoto, mwageni papo hapo.

DadaViungo:
Hamjataja mwili. Ticha, kijana mrefu wa miaka 17 anayeongezewa mazoezi ghafla huumia sehemu mbili: mfupa wa mbele wa muundi na misuli ya nyuma ya paja.

Muundi: ukibonyeza kwa kidole na maumivu yametawanyika kama urefu wa kiganja, ni mzigo umezidi. Punguza kilomita kwa theluthi, ondoa spaiki (viatu vya pini) wiki moja, akimbie kwenye nyasi. Maumivu yakiwa mahali pamoja pa ukubwa wa sarafu, na yanauma hata usiku, simamisha mbio kabisa na umpeleke hospitali apigwe picha. Huo unaweza kuwa ufa wa mfupa, na ufa wa mfupa ukikimbiwa huvunjika.

Spaiki avae mara moja kwa wiki mwanzoni, kwenye zile 300, na tena zile mbili za mwisho tu. Pini za milimita 6 zinatosha kwenye tartani (sakafu ya mpira ya viwanja vya kisasa). Kikomo cha sheria hapo ni 9. Kwenye murram pini fupi huteleza, afadhali 9 kwenda juu. Akinunua viatu vya mtumba vya bei ghali pale Gikomba, aangalie unene wa soli: tangu Novemba 2024 mbio zote za kiwanjani kikomo ni milimita 20, na viatu vingi vya kisasa vya barabarani vinazidi hapo mbali. Mkoa huenda wasipime, ila akifika mbele watapima.

Kupasha moto, kwa sababu 800 haikusamehi ukianza baridi: dakika 50 kabla, mbio za polepole dakika 12. Kisha kunyoosha kwa mwendo, si kukaa chini kushika vidole. Mikimbio minne ya mita 80. Dakika 25 kabla ya mbio, mita 200 moja kwa kasi ya mbio, sekunde 28. Hii ya mwisho huwaogopesha walimu, wanadhani inamaliza nguvu. Inaamsha mwili utumie hewa mapema, na bila hiyo mita 200 za kwanza hulipiwa deni mwishoni.

Dawa. Mtoto wa shule anaweza kupimwa dawa zilizokatazwa akifika mashindano makubwa, na sheria haiulizi kama alijua. Dawa za mafua zenye ephedrine au pseudoephedrine, sindano za prednisolone na jamaa zake siku za mashindano, dripu zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 bila kuwa matibabu halali ya hospitali: hizi ndizo zinazoletwa na watu wenye nia njema kabisa, pamoja na wazazi. Ukipewa dawa yoyote, jina liandikwe na liulizwe ADAK (shirika la Kenya la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni) kabla ya kumezwa. Vidonge vya "kuongeza damu" asipewe kwa kukisia, apimwe kwanza.

TichaWaMashariki:
Asanteni sana, nimeandika kila kitu. Mpango wa KochaWaMilima naufuata, na 1,000 naanza na 3:35. Tatizo: kiwanja chetu ni cha murram, kimechorwa kwa macho. Nyayo na Kasarani si kila siku tunaingia. Hizo sekunde 42 za mita 300 zina maana gani kama 300 yenyewe ni 285?

SaaYaMkono:
Hazina maana yoyote, umeuliza vizuri. Huenda hata 52.9 yake si 52.9.

Ukiwa na nafasi ya kutosha, chora hivi. Minyoofu miwili ya mita 84.39. Vituo viwili, kimoja kila mwisho, katikati ya upana wa uwanja. Piga kigingi hapo, funga kamba isiyovutika, ya waya ni bora, ya manila hurefuka ikilowa. Nusu duara lenye nusukipenyo (kutoka kigingi hadi mstari) cha mita 36.50 ndio ukingo wa ndani. Umbali wenyewe haupimwi kwenye ukingo, unapimwa sentimita 30 nje yake, yaani 36.80. Kona mbili kwa 36.80 ni mita 231.22, minyoofu miwili 168.78, jumla 400. Hiyo ni ikiwa umeweka ukingo ulioinuka, mawe au mbao. Ukichora chokaa tu, hesabu ni sentimita 20 nje ya mstari, na ukisahau hilo kila mzunguko unapungua kwa sentimita 63.

Uwanja ukiwa mdogo usilazimishe 400. Chukua tepu ya mita 50, pima mnyoofu mmoja na uweke vigingi kila mita 100 kwenye njia ya mwendo, kona ipimwe kwa vipande vifupi vya mita 5 ukifuata sentimita 20 nje ya mstari. Ukipata mzunguko wa 310 si kitu, mradi unajua ni 310 na kigingi cha 300 kimesimama. Weka kigingi kila mita 100 umsomee 14, 28, 42 anapopita. Na chora upya mvua ikinyesha, murram husogea na chokaa yake.

KochaWaMilima:
Nyongeza ndogo: kwenye murram yenye vumbi, kona kali ya uwanja mdogo itamla kama nusu sekunde kwa kila 300. Mpe 42.5 pale, na 42.0 siku mkipata tartani.